Poda Kabla ya Oveni: Pale Pasteli Inapofaa na Isipofaa

Pasteli laini ina ila moja ya tangu zamani: haishiki. Kijiti chake ni chembe za rangi na chaki, pengine na udongo mweupe, vilivyounganishwa kwa gundi kidogo sana, kiasi cha kukizuia kisimeguke mkononi. Gundi ikizidi, kijiti kinakuwa kigumu na kinakataa kuachia rangi. Ikipungua, kinabaki vumbi. Kwa hiyo picha ya pasteli, hata iwe nzuri namna gani, ni vumbi lililotulia juu ya karatasi. Rosalba Carriera wa Venice, aliyewafanya matajiri wa Ulaya waipende pasteli mwanzoni mwa karne ya 18, na Maurice Quentin de La Tour aliyemfuata huko Ufaransa, wote waliacha kazi ambazo hadi leo hukaa nyuma ya kioo. Wachoraji walitafuta sana dawa ya kupulizia juu ya picha ili rangi itulie, na tatizo likawa lilelile kila mara: dawa ikishika poda, inaifubaza.

Udongo wa polima umelijibu tatizo hilo bila kukusudia. Haukuchimbwa popote. Ni PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji, ikiwa katika hali ya unga, kisha ikachanganywa na kilainishi cha majimaji mazito, vijazio na rangi. Ukiwa mbichi, chembe za PVC zimeogelea ndani ya kilainishi, ndiyo maana unafinyangika na haukauki hata ukiusahau mezani kwa wiki. Ukiingia kwenye moto wa wastani, chembe hizo zinakinywa kilainishi, zinavimba, zinashikana, na donge zima linakuwa kitu kimoja kigumu. Hakuna maji yanayotoka, hivyo kazi haisinyai wala haipasuki kama chungu kilichochomwa vibaya.

Jambo la maana kwetu ni uso wa udongo huo kabla haujaokwa. Una unato mdogo, ule unaohisiwa na ncha ya kidole, na unatokana na kilainishi. Poda ya pasteli ikipakwa hapo inanasa. Ndani ya oveni kilainishi kinailowesha kila chembe iliyogusa uso, na PVC inaposhikana, chembe hizo zinafungiwa humo. Dawa iliyotafutwa na wachoraji wa karatasi hapa ni joto lenyewe. Haipulizwi wala haifubazi. Kinyume chake, rangi inatoka kwenye oveni ikiwa imekolea zaidi, kama kitambaa kilicholowa kinavyoonekana cheusi kuliko kikavu, kwa sababu hewa iliyokuwa kati ya chembe imeondoka na nafasi yake imejazwa. Anayepaka poda hadi rangi imfurahishe kabla ya kuoka, basi, amekwisha kupitiliza.

Ukifuata historia ya udongo huu unafika mapema kwa watengeneza wanasesere, na nadhani hilo linaeleza kwa nini rangi ya poda ilizoeana nao upesi. Käthe Kruse, mtengenezaji maarufu wa wanasesere nchini Ujerumani, aliletewa malighafi ya namna hii akiitafutia vichwa vya wanasesere wake, nayo haikumfaa kiwandani. Binti yake Sophie, aliyeitwa Fifi nyumbani, ndiye aliyeiendeleza, na mwaka 1964 kampuni ya Eberhard Faber ikainunua na kuiuza kwa jina la Fimo. Marekani nako ikatokea Sculpey. Kichwa cha mwanasesere kinahitaji shavu lenye wekundu usio na ukingo, na kila aliyewahi kujaribu kulipata shavu hilo kwa brashi na rangi ya maji anajua lilivyo gumu.

Lakini udongo huu unauzwa katika makumi ya rangi. Unaweza kuchanganya mbili ukapata ya tatu, na rangi hiyo ikawa imeenea hadi ndani, haibanduki. Na ukishaoka, unaweza kupaka akriliki. Ya nini basi kuhangaika na vumbi?

Jibu langu ni kwamba pasteli inafaa pale ambapo kitu halisi kilipata rangi yake kwa nje. Mkate umebadilika rangi kwa sababu joto liliufikia ganda kabla ya kiini. Upande mmoja wa embe umekuwa mwekundu kwa sababu ndio ulioelekea jua. Jani linaanza kunyauka kwenye kingo. Vitu vya namna hii havina mstari panapoishia rangi moja na kuanza nyingine, na rangi yao ina kina cha unywele tu. Brashi yenye poda inapita njia ileile liliyopita joto au jua: inagusa kilichochomoza, inakosa kilichobonyea, inafifia yenyewe pembeni. Ambapo rangi imetoka ndani, kama tikiti lililokatwa, mnofu wa nyama au jiwe lenye mishipa, poda inadanganya kwa mbali tu. Ukilisogeza jicho unaona ni kitu kilichopakwa.

Chukua andazi. Kwa kipimo cha 1:12, ambacho ndicho kipimo kilichozoeleka cha nyumba za wanasesere, hata ile ya Malkia Mary iliyobuniwa na Edwin Lutyens na kukamilika mwaka 1924 huko Uingereza, andazi la sentimita tisa linakuwa na milimita saba na nusu. Kosa la wengi ni kuchukua udongo wa kahawia na kukata pembetatu. Kinachopatikana ni pembetatu ya kahawia. Andazi lilikuwa donge jeupe kabla ya kuingia kwenye karai, hivyo lazima uanze na rangi ya unga uliokandwa: udongo mweupe, kipande cha ule unaopitisha mwanga kidogo ili usifanane na plasta, na chembe ya manjano. Usukume, uukate, kisha uvimbishe kila kipande katikati kwa kubana kingo zake. Ugongegonge kwa mswaki laini uso upoteze ule ulaini wa plastiki.

Kwenye kigae cheupe kwangua kwa wembe vijiti vitatu: manjano ya udongo, hudhurungi nyekundu, na kahawia iliyokolea. Brashi iwe laini, yenye nywele fupi, na kavu kabisa. Anza na manjano, pande zote mbili. Kisha hudhurungi, kwa mguso mwepesi katikati, palipovimba. Kahawia iliyokolea iende kwenye ncha tatu tu, tena baada ya kukung'uta brashi. Halafu kuna jambo ambalo ndilo linalolifanya andazi liwe andazi: linaelea kwenye mafuta. Linakaangwa upande mmoja, linageuzwa, linakaangwa wa pili, na pembeni kote hubaki mkanda mwembamba uliopauka ambao mafuta hayakuukolea sawasawa. Ilaze brashi iwe sambamba na uso wa juu, usiizungushe pembeni, na mkanda huo utabaki wenyewe. Hakuna rangi ya kuchanganywa wala ya kupakwa baadaye inayoupata kwa urahisi huo.

Chapati inataka mkono mwingine. Madoa yake yametokea pale tu unga ulipovimba ukagusa chuma cha moto, kwa hiyo yana kingo na hayakutawanyika kwa mpango. Brashi inayoteleza italipa duara zima wekundu mmoja na kuiharibu. Hapa hutumika kipande kidogo cha sponji, kinachovya na kudonoa, na afadhali uso uwe umekunjwakunjwa kwanza ili poda iwe na matuta ya kukamata. Mkate wa boflo ndio rahisi kuliko vyote: upake, uoke, kisha ukate slesi. Ganda linabaki uzi wa kahawia kuzunguka weupe, kama ulivyo mkate ukitoka kwenye tanuri.

Ni vyema kulinganisha na Wajapani, ambao wameifikisha kazi ya chakula bandia mbali kuliko taifa lolote. Sampuli zinazowekwa kwenye madirisha ya mikahawa zilianza kuwa biashara kubwa baada ya Iwasaki Takizo, mzaliwa wa mji wa Gujo Hachiman, kufungua kazi yake Osaka mwaka 1932. Zamani zilitengenezwa kwa nta. Baadaye zikahamia kwenye vinyli, inayomiminwa ndani ya kalibu za silikoni na kupikwa, yaani ukoo uleule wa plastiki na kanuni ileile ya joto. Mafundi hao huweka rangi ya msingi ndani ya majimaji na kumalizia juu kwa brashi na kwa bunduki ya hewa. Bunduki ya hewa inafanya kile ambacho pasteli inafanya: inafifisha kingo. Ila inataka pampu, inataka rangi za kuyeyushwa, na inataka kitu kikubwa cha kutosha kupuliziwa. Kwenye andazi la milimita saba, upepo wake utalirusha andazi kabla ya kulipaka. Poda na brashi ni bunduki ya hewa ya mtu asiye na karakana.

Kuhusu ngozi ya wanasesere nina malalamiko. Maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa na watu wanaofinyanga ngozi nyeupe, na ushauri wao ni waridi hafifu kwa mashavu, masikio na viungo vya vidole. Mtu akiufuata ushauri huo juu ya udongo wa kahawia, mwanasesere anapauka kama mtu aliyetoka kuoga asipake mafuta. Sababu haina fumbo lolote. Rangi hafifu katika boksi la pasteli ni rangi kali iliyotiwa chaki nyingi au oksidi ya titani ili iwe nyepesi. Juu ya uso mweupe, weupe huo hauonekani. Juu ya uso mweusi ndio unaoonekana kwanza, na wekundu unafuata nyuma. Ngozi nyeusi inataka vijiti visivyotiwa weupe: hudhurungi nyekundu, rangi ya damu ya mzee, zambarau iliyokolea kwa midomo na kope. Wekundu wa shavu jeusi unakaa kwenye joto la rangi, si katika kung'aa kwake, na unapakwa kidogo kuliko mtu anavyodhani. Weupe huo huo, kwa upande mwingine, unafaa sana pale unapotaka kuonyesha viwiko na magoti yenye vumbi.

Sheria hiyo ya weupe inaeleza pia kwa nini chaki za ubaoni hazifai. Ni jasi au chaki yenye rangi kidogo mno, na zikiokwa zinaacha ukungu. Pasteli za mafuta, ambazo ndizo zilizojaa kwenye maduka ya vifaa vya shule, ni kitu kingine kabisa: zina nta na mafuta, hazitoi poda, na zikipakwa juu ya udongo mbichi zinaacha utelezi ambao oveni haiukaushi. Watu wawili wakibishana kama mbinu hii inafanya kazi, uliza kwanza kila mmoja alinunua boksi gani.

Mbinu yenyewe inashindwa kwa njia zinazotabirika. Ya kwanza ni unene. Kilainishi kinalowesha chembe zinazogusa uso na chache zilizo juu yake. Ukirundika tabaka juu ya tabaka, zile za juu zinatoka kwenye oveni zikiwa vumbi kama zilivyoingia, na kidole cha kwanza kinaondoka nazo. Paka nyembamba, kung'uta, paka tena, na kama rangi bado haijatosha, chagua kijiti kikali zaidi badala ya kuongeza poda. Ya pili ni udongo uliokufa. Ukikaa dukani miaka, au ukilazwa juu ya karatasi ukanyonywa kilainishi, unato unapotea na poda inateleza. Vivyo hivyo kwa uso ulionyunyiziwa wanga ili usigande kwenye kalibu: wanga umekwisha kukaa kwenye nafasi ya rangi. Ya tatu inawakera wengi kuliko hizo mbili, nayo ni alama za vidole. Poda inakaa kwenye matuta ya alama hizo na kuyachora yote, hata yale ambayo macho hayakuyaona kabla. Uso ulainishwe kwanza kwa brashi iliyoguswa na spiriti, uachwe ukauke, ndipo rangi ije.

Kwa kuwa rangi iko juu tu, haivumilii msasa. Hapo mantiki ya mbinu nzima inajipinga: udongo hausuguliwi ukiwa mbichi, na ukishaiva uso wake hauna tena unato wa kukamata poda. Njia iliyopo ni kuoka kwanza, kusugua, kupaka utando mwembamba wa udongo wa majimaji, kupaka poda juu ya utando huo, na kuoka mara ya pili. Udongo wa polima hauchoki kuokwa, ilimradi joto lisizidi.

Na kiwango cha joto hutegemea jina lililo kwenye pakiti. Fimo inataka nyuzi 110 kwa dakika 30, Sculpey 130, na Kato hufika 150. Kwa rangi za pasteli viwango hivyo ni vidogo. Manjano ya udongo, kwa mfano, ni oksidi ya chuma yenye maji ndani yake, nayo hugeuka nyekundu ikichomwa, lakini huanza kugeuka kwenye nyuzi mia mbili na hamsini hivi, mbali sana na oveni yetu. Rangi ya andazi ikiharibika, kilichoungua ni udongo, hasa mweupe na ule unaopitisha mwanga, ambao hugeuka manjano mapema. Karatasi ya foili iliyowekwa juu kama hema inasaidia. Oveni za gesi zenye namba moja hadi nane badala ya nyuzi zinahitaji kipimajoto ndani yake. Ukifika nyuzi 175 au zaidi, PVC inaanza kuvunjika na kutoa gesi ya hidrojeni kloridi, inayochoma macho na koo. Zima oveni, fungua madirisha, toka nje.

Hatari nyingine ni ya polepole. Poda ya pasteli si ya kuvutwa puani, na baadhi ya manjano na nyekundu za bei kubwa zina kadmiamu. Kwangua taratibu, usipulize kwa mdomo, futa meza kwa kitambaa kibichi. Vilainishi vya zamani vya jamii ya fithaleti vilizuiwa kwenye vitu vya kuchezea watoto Ulaya na Marekani miaka ya 2000, na watengenezaji wakubwa wakabadilisha mchanganyiko wao. Hata hivyo kisu na kigae vya kazi hii visirudi jikoni.

Vanishi ni ugomvi wa kila mara. Msimamo wangu: kitu kisichoshikwa kisipakwe. Chakula kikavu haking'ai, na mkate uliopakwa vanishi ni mkate wa plastiki. Kitu kinachovaliwa ni habari nyingine. Hereni inaweza kukaa miaka bila kinga kwa sababu haisuguani na kitu, ila pete iliyopakwa poda itaonyesha rangi ya chini upesi hata ukiilinda, na kwa pete ningechanganya rangi ndani nikaachana na pasteli. Ukilazimika, tumia vanishi ya maji isiyong'aa, tabaka moja jembamba, baada ya kupitisha brashi kavu kuondoa poda iliyolegea, la sivyo itachuruzika na kuacha michirizi. Rangi ya kucha isiyo na rangi, ambayo ndiyo ya kwanza kufikiriwa kwa kuwa iko nyumbani, ina viyeyushi vinavyolainisha PVC. Kazi inaonekana sawa, halafu baada ya muda inaanza kunata na hainyooki tena.

Washindani wa pasteli ni wachache na kila mmoja ana mahali pake. Poda ya kope kutoka kwenye boksi la vipodozi inanasa vizuri, ila nyingi zina mng'aro wa maika unaoua chakula na kupendeza kwenye kipepeo. Poda ya maika yenyewe inashinda juu ya udongo mweusi, ambapo pasteli huonekana majivu. Akriliki ni ya mistari: nyusi, maandishi, mbegu za ufuta. Pasteli pia husagwa na kukandwa ndani ya udongo unaopitisha mwanga ili kupata achari au mchuzi, na hapo naona inatumika kwa kukosa kingine. Chaki iliyomo inaufunga mwanga, na asali inageuka haradali.

Mwenye fedha kidogo asinunue boksi la vijiti 48. Nusu yake ni rangi hafifu atakazozitupa. Vijiti vitano vya kununua kimoja kimoja vinatosha vyakula vingi na ngozi: manjano ya udongo, hudhurungi nyekundu, kahawia iliyokolea, nyekundu iliyoiva na kijani cha zeituni. Kwenye vijiti vya daraja la juu kuna namba za rangi. PY42 au PY43 ni manjano ya oksidi ya chuma, PBr7 ni hudhurungi na kahawia za chuma na manganizi, PB29 ni buluu ya ultramarini. Hizo hazichuji juani. Zinazotia shaka ni waridi na zambarau za boksi zisizo na namba, na kuzipima ni rahisi: paka ukanda wa udongo mweupe, uoke, funika nusu kwa foili, uweke dirishani panapopigwa na jua la mchana. Ukifunua baada ya miezi miwili ukaona mpaka kati ya nusu mbili, kijiti hicho kibaki kwa kazi za kukaa ndani ya kabati.